Somo: Santuri za zamani za piano ya jazi, anza na mkono wa kushoto

Hatua ya 1: Sikiliza kabla ya kununua
Tafuta mtandaoni "Carolina Shout" ya James P. Johnson, iliyorekodiwa 1921. Melodi iache kwanza. Fuata mkono wa kushoto: unagonga besi, unarukia kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) katikati ya kinanda, unarudi chini, na hauchoki. Huo ndio mtindo wa Harlem, mtaa wa New York, uitwao stride. Duke Ellington, mpiga piano na kiongozi wa bendi, aliujifunza wimbo huu kwa kuipunguza kasi piano inayojipiga kwa roli ya karatasi yenye matundu, akaviweka vidole vyake pale vibonye vilipozama.

Kisha msikilize Earl Hines katika "Weather Bird" ya 1928, yeye na mpiga tarumbeta Louis Armstrong peke yao. Hapa mkono wa kushoto unakatisha mwendo, unapotea, unaibukia usipoutegemea. Maliza na "Tea for Two" ya Art Tatum, 1933. Tatum alikuwa karibu kipofu, na kwa maoni yangu hakuna aliyemfikia. Ukishawatofautisha hawa watatu kwa sikio tu, unaweza kwenda sokoni.

Hatua ya 2: Ijue sahani
Santuri za kasi ya 78 (mizunguko 78 kwa dakika) ni za shelaki, aina ya utomvu mgumu. Ile ya inchi 10 hubeba kama dakika 3 kila upande, ndiyo maana wapigaji wa zamani hawapotezi muda. Maikrofoni ilianza kutumika 1925. Kabla ya hapo sauti iliingia kwa pembe kubwa kama faneli, na besi za piano zikafifia. Usimlaumu mpigaji. LP, santuri za plastiki zinazozunguka polepole na kubeba muziki mrefu, zilikuja 1948.

Hatua ya 3: Sindano na usafi
Mfereji wa 78, yaani njia inamopita sindano, ni mpana. Unahitaji sindano ya mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) 75 hivi. Ile ya LP, ya mikroni 25, huzama chini na kukwaruza. Spiriti usiiguse kabisa, inayeyusha shelaki. Maji na tone la sabuni yanatosha, lebo isilowe.

Hatua ya 4: Kununua
Inamishe sahani kwenye mwanga, kagua nyufa za ukingoni. Weusi unaong'aa si hakikisho, maana sindano nzito za zamani zilikula mifereji kimyakimya. Omba uisikie ikicheza.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, fedha ni kidogo. Ninunue 78 au LP za mkusanyiko?
Jibu: LP. Nyimbo kumi na zaidi kwa bei ya moja. Ila zipo zilizosafishwa kelele mpaka mlio wa juu wa piano ukaondoka nazo. Bora mikwaruzo kidogo.

Swali: Mbona sipati santuri nyingi za 1943?
Jibu: Agosti 1942 chama cha wanamuziki cha Marekani kiligoma kurekodi. Kampuni ya santuri ya Decca ilikubaliana nao 1943; kampuni za Victor na Columbia hadi Novemba 1944. Tena vita vilifanya shelaki kuadimika.

Swali: Shikamoo mwalimu. Babu aliacha gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Naweza kuitumia?
Jibu: Marahaba. Tumia 78 za kawaida tu, zile adimu ziepushe nayo. Sindano ya chuma ibadilishe kila upande, kwa kuwa inalika upesi na kuanza kuila santuri. LP usiiweke humo hata kwa utani, itachunwa mara moja.