Namna ya kuua na kusafisha sato na kambale bila kuwatesa

Ninafuga sato na kambale katika mabwawa matatu nje kidogo ya mji wa Morogoro, na wateja wangu wengi hupenda kuja wenyewe wachague samaki angali hai. Zamani nilikuwa nawapimia, nawatilia kwenye kiroba na kuagana nao, nikiamini kwamba kazi yangu imeishia kwenye mzani. Nilibadili desturi hiyo baada ya jirani yangu kununua kambale wa kilo moja na nusu saa nne asubuhi, akampeleka nyumbani, akammwagia chumvi ndani ya beseni na kumfunika kwa sinia ili afe. Nilipopita kwake adhuhuri nilimkuta mpishi amekwisha kumpasua tumbo na matumbo yamo kwenye bakuli kando, ilhali kambale mwenyewe angali anafumbua na kufumba kinywa, sharubu zikitikisika. Tangu siku hiyo samaki hatoki kwangu akiwa hai, isipokuwa mnunuzi awe amejifunza namna ya kumuua, na haya ninayoyaandika ndiyo ninayowafundisha.

Kwa nini asiachwe afe mwenyewe

Wengi hudhani kwamba samaki akishatolewa majini hufa papo hapo. Sato huchukua dakika nyingi kufa nje ya maji, na muda wote huo anahangaika. Kambale ndiye mwenye taabu kubwa zaidi, kwa sababu juu ya matamvua yake, ambayo sokoni huitwa mashavu, ana kiungo chenye umbo la matawi kinachomwezesha kuvuta hewa moja kwa moja, na ngozi yake ikibaki na unyevunyevu anaweza kuishi saa nyingi ndani ya gunia. Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake huko Scotland walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kichwa cha samaki aina ya trauti kina neva zinazoitikia joto kali, kemikali kali na kubanwa, kama zile zinazopokea maumivu kwa wanyama wengine. Kanuni za Shirika la Afya ya Wanyama Duniani zinazohusu samaki wa kufugwa zinataja kumnyima hewa, kumtia kwenye maji ya barafu akiwa hai, kumtia chumvi, na kumkata atokwe damu kabla hajapoteza fahamu, kuwa ni njia zisizopasa kutumiwa pale ambapo njia bora zinawezekana. Njia bora wanazozitaja ni pamoja na pigo la kichwani na kuchoma ubongo, na zote mbili zinawezekana katika ua wa nyumba yoyote.

Nyama nayo huathirika. Samaki aliyehangaika sana humaliza nguvu iliyohifadhiwa katika misuli yake, asidi hujaa humo, hukakamaa mapema baada ya kufa, na mnofu wake hulainika na kumeguka upesi kuliko wa yule aliyekufa kwa utulivu.

Wasomaji Waislamu huniuliza mara kwa mara kama pigo au kisu vinaathiri uhalali wake. Samaki hachinjwi, na maiti yake ni halali, kwa hiyo mimi sioni mgongano wowote. Naona badala yake kwamba lile agizo la Mtume la kufanya wema hata katika kuchinja, mtu anoe kisu chake na ampunguzie mnyama mateso, linatuhusu sana hapa.

Hatua ya kwanza: maandalizi ya tangu jana yake

Usimlishe samaki kwa saa 24 kabla ya kumuua. Utumbo mtupu hautachafua nyama utakapoupasua, na samaki asiyeshiba hustahimili vizuri zaidi kukamatwa na kusongamana. Vua alfajiri, maji yakiwa bado ya baridi, kisha uwaweke kwenye pipa lenye maji safi ya bwawa na kulifunika, kwani giza huwatuliza. Usijaze pipa. Utamtoa mmoja, ummalize, ndipo umfuate wa pili. Kamwe usiwamwage chini wote kumi halafu ukaanza kuwashughulikia kwa zamu, maana wa kumi atakuwa amekaa nje ya maji muda wote uliowatumia tisa wa kwanza.

Vifaa viwe mkononi kabla hujagusa samaki: ubao mzito usioteleza, kitambaa kilicholoweshwa, kirungu cha mti mgumu chenye urefu wa sentimita 30 hadi 40 (mchi mdogo wa kinu unafaa sana), kisu chembamba kilichonolewa, msumari wa inchi 4 uliochongwa ncha na kufungwa kwenye mpini, na ndoo ya maji baridi. Kisu butu ndicho chanzo cha nusu ya mateso ninayoyaona, kwa sababu humlazimu mtu kurudiarudia mkato ambao ungekwisha mara moja.

Hatua ya pili: kumzimisha sato

Kumzimisha ni kumpotezea fahamu mara moja. Lowesha mikono, kwa kuwa mkono mkavu humvua ule ute unaomlinda, kisha mshike sato kwa kitambaa na umsimamishe juu ya ubao, tumbo likiwa chini. Pitisha kiganja kutoka kichwani kwenda mkiani ili miiba ya mgongoni ilale. Ukienda kinyume itakuchoma. Funika macho yake kwa kitambaa, na utaona kwamba ndani ya sekunde chache anapunguza kupapatika.

Mahali pa kupiga ni utosini, katikati, nyuma kidogo ya macho. Acha sehemu hiyo wazi na upige mara moja, kwa nguvu na kwa uhakika. Huruma ya kupiga polepole ni ukatili, kwani pigo dhaifu humuumiza bila kumzimisha, na ikitokea hivyo usisite wala usimrudishe ndoo: piga tena hapohapo. Pigo likikaa sawasawa mwili hutetemeka kwa muda mfupi, mapezi husimama, kisha hulegea.

Hatua ya tatu: kuhakikisha

Hatua hii ndiyo inayorukwa na watu wengi, nami naiona kuwa muhimu kuliko zote. Mtazame kifuniko cha shavu: kikiendelea kufunguka na kufungika kwa mpangilio, samaki bado anapumua na bado ana fahamu. Kisha mgeuze taratibu ubavuni huku ukiliangalia jicho. Jicho la samaki mwenye fahamu hujizungusha ndani ya tundu lake ili libaki usawa uleule, hata mwili ukiinama. Jicho la aliyezimika hukaa palepale na kugeuka pamoja na kichwa, kama kifungo kilichoshonwa. Nimewafundisha hata watoto wangu kuliangalia jicho hilo, na sasa wao ndio hunizuia mimi nisiharakishe.

Usichanganye dalili hizi na mitetemo ya misuli. Mkia unaweza kurukaruka na moyo unaweza kuendelea kupiga kwa dakika kadhaa baada ya ubongo kufa, na hilo halina maana kwamba anaumia.

Ukishajiridhisha, choma kwa ule msumari mahali palepale ulipopiga, uuzungushe kidogo ndani, ili ubongo uharibike kabisa na asiweze kurudiwa na fahamu. Wavuvi wa Japani wana ustadi wa zamani wa namna hii unaoitwa ikejime, ambao huendelea kwa kupitisha waya kwenye mfereji wa uti wa mgongo ili kuzima misuli yote. Kwa sato wa nusu kilo wa kukaanga nyumbani mimi huishia kwenye ubongo.

Hatua ya nne: kutoa damu

Fanya hivi mara tu baada ya kumchoma. Inua kifuniko cha shavu, ingiza ncha ya kisu na ukate matamvua ya upande mmoja, kisha ya upande wa pili. Mtumbukize kichwa chini katika ndoo ya maji baridi kwa dakika 5 hadi 10. Moyo unaopiga ndio utakaokusaidia kuisukuma damu nje, na maji yatageuka mekundu kisha yataanza kutulia. Mnofu wa samaki aliyetolewa damu huwa mweupe, hauna ile harufu nzito, na hudumu zaidi.

Kambale

Utaratibu ni uleule, ila nguvu na tahadhari huongezeka. Fuvu lake ni pana, bapa na gumu kama kigae, na pigo linalomtosha sato yeye halimfikii. Tumia kirungu kizito, umlaze kwenye ubao uliokaa juu ya ardhi thabiti badala ya meza inayodunda, na umfunge kwa kitambaa kizito kilicholoweshwa, kichwa kikibaki nje. Jihadhari na miiba miwili ya mapezi ya kifuani, ambayo huisimamisha na kuikaza anapotishwa. Piga kwenye mstari wa katikati ya fuvu, nyuma ya macho, na uwe tayari kupiga la pili bila kungoja. Hakiki kwa shavu na kwa jicho, ingawa jicho lake ni dogo na hudai kuinama karibu, choma ubongo, kisha kata matamvua pande zote mbili. Chumvi na majivu ni kwa ajili ya kuondoa utelezi, na vyote viwili huja baada ya kifo. Msugue kwa majivu au chumvi ya mawe, au umwagie maji ya moto na kumkwangua kwa mgongo wa kisu, naye atatakata.

Kupara na kutumbua

Kambale hana magamba, kwa hiyo kupara kunamhusu sato peke yake. Shika mkia na ukwangue kuelekea kichwani kwa mgongo wa kisu au kijiko, ukiwa umemzamisha kwenye beseni la maji ili magamba yasiruke. Usisahau sehemu ya chini ya mapezi na ile ya kooni, ambako magamba madogo hujificha.

Kwa kutumbua, ingiza ncha ya kisu kwenye tundu la haja, makali yakielekea nje, na upasue hadi katikati ya mapezi ya kifuani bila kuzamisha kisu. Utumbo wa sato ni mrefu mara kadhaa kuliko mwili wake na umejisokota, hivyo ukiukata utamwaga uchafu kila mahali. Vuta vyote kwa vidole kuanzia upande wa kooni. Kifuko cha nyongo ni kidogo, kijani, kimeshikamana na ini. Kikipasuka osha mara moja kwa maji mengi, na pale palipobadilika rangi pakate, kwa kuwa uchungu wake hauishi kwa ndimu. Bandua ule utando mweusi ulioko ndani ya tumbo, halafu kwangua kwa ukucha ule mstari wa damu nyeusi unaofuata uti wa mgongo. Ng'oa matamvua yaliyobaki, maana ndiyo huanza kunuka.

Barafu sasa ina kazi yake halali. Ikiwa hupiki muda huohuo, mpange samaki ndani ya barafu iliyopondwa, kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki katika joto la kwetu, na uache maji yanayoyeyuka yapate njia ya kutoka. Atakapokakamaa usimlazimishe kumkunjua wala kumtoa minofu, subiri alegee tena. Matumbo yafukie kwenye shimo la mboji mbali na bwawa, kwani ukiyarudisha majini utawaambukiza walio hai maradhi ya waliokufa.