Kufundisha wakulima kugawana maji ya visima: anza na futi kamba, sheria zije baadaye

Mwongozo huu ni wa maafisa ugani, viongozi wa jumuiya za watumia maji, na yeyote anayekaa na wakulima wenye visima vinavyovuta maji kutoka mchanga mmoja wa chini ya ardhi. Mimi kazi hii naifanyia Dodoma, kwa watu wa vitunguu, nyanya na zabibu.

Mkutano wangu wa kwanza niliuharibu mwenyewe. Nilibandika mchoro wa miamba ukutani, nikahutubia saa nzima. Mzee mmoja akaniuliza, "Bwana shamba, umekuja kuvipima visima vyetu au kuvifunga?" Sikuwa na jibu la maana, na watu wakaanza kuaga mmoja mmoja. Tangu siku hiyo sitaji sheria mpaka watu wawe wameshapima kwa mikono yao.

Hatua ya 1: Chagueni visima vya kupima

Visima sita hadi vinane vinatosha kuanzia. Hakikisha kisima cha mwenye pampu kubwa kuliko wote kimo, maana akibaki nje, mtapanga nyinyi na yeye atavuta. Waite pia kina mama wanaochota maji ya nyumbani. Wao ndio wanaojua kisima kipi huanza kutoa matope, na mwezi gani.

Hatua ya 2: Pimeni

Mnahitaji futi kamba ya mita 30, jiwe dogo la kuinyoosha, chaki, rangi na daftari. Pakeni rangi alama moja kwenye mdomo wa kila kisima. Vipimo vyote vianzie hapo. Kisha mpakeni chaki mita ya mwanzo ya futi, mteremshe mpaka ncha izame kidogo. Someni namba iliyo kwenye alama ya rangi, mtoe urefu uliolowa. Kinachobaki ndicho kina cha maji, yaani umbali kutoka alama ya rangi hadi uso wa maji.

Pimeni alfajiri kabla pampu hazijawaka, kila baada ya wiki mbili. Asiteremke mtu kisimani, na pampu ya petroli isishushwe humo hata kama maji yako mbali: moshi wake hauna pa kutokea na unaua haraka.

Siku ya kwanza ongezeni jaribio moja. Pima kisima cha jirani, washa pampu kubwa kwa saa mbili, kisha pima tena kile kile cha jirani. Maji yakishuka, mkutano umeanza wenyewe, wewe nyamaza. Yasiposhuka, andika hivyo hivyo bila kuona aibu. Huenda kuna udongo wa mfinyanzi katikati, au visima viko mbali mno kwa saa mbili kuonyesha kitu. Mwalimu anayelazimisha matokeo hukamatwa siku hiyo hiyo, kwa sababu watu hawa wamechimba ardhi hiyo wenyewe na wanaijua.

Hatua ya 3: Kipima mvua na chombo cha mchanga

Kata chupa safi ya maji iliyonyooka, geuza shingo iwe faneli ya kupokelea mvua, jaza kokoto na maji chini mpaka alama ya sifuri, kisha bandika rula. Mfundishe kila mshiriki hesabu moja tu: milimita 1 ya mvua kwenye ekari moja ni kama lita 4,000.

Kisha chukua ndoo ya plastiki inayoonyesha ndani, weka mchanga, simamisha mirija miwili ya soda, mwaga maji taratibu. Bomba la sindano likinyonya kwenye mrija mmoja, maji yanashuka kote ndoo nzima. Dakika kumi zinatosha.

Hatua ya 4: Mchezo wa mbegu za mbuyu

Hapa usiharakishe. Mbegu 60 ziwe kwenye chungu: ndiyo maji ya bonde. Wachezaji ni sita. Kila msimu, kila mmoja anaamua kwa siri: kitunguu kinachukua mbegu 3 na kinalipa pointi 5, choroko inachukua mbegu 1 na inalipa pointi 2.

Miongozo mingi ya michezo kama hii hurudisha kiasi kile kile cha maji kila mwaka. Kwa Dodoma huo ni uongo. Vipimo vya visima vya Makutapora, vinavyolisha mji wa Dodoma, vina kumbukumbu ya zaidi ya miaka 50, na vinaonyesha maji yakishuka miaka kadhaa mfululizo, kisha yanapanda kwa kishindo kifuku kikiwa kikubwa isivyo kawaida, kama kile cha El Niño ya 1997/98. Kwa hiyo mimi hurusha sarafu mbili. Zote zikiangukia kichwa, narudisha mbegu 24. Vinginevyo narudisha 4 tu.

Mzunguko wa kwanza, kuongea ni marufuku. Wote wakilima kitunguu na sarafu zikawanyima, zinabaki 46, 32, 18, kisha 4, na msimu wa tano chungu hakiwatoshi tena. Mzunguko wa pili waruhusu kuzungumza. Mzunguko wa tatu waruhusu kuweka masharti na adhabu. Waache wagombane, kazi yako ni kuhesabu mbegu. Kuna siku mama mmoja aligundua bila kuambiwa kwamba kila mbegu ya maji inalipa zaidi kwenye choroko kuliko kwenye kitunguu. Kijana aliyekaa pembeni yake akasema choroko hailipi ada ya shule. Wote wawili walikuwa sahihi, na mabishano yao yalifundisha kuliko mimi.

Hatua ya 5: Hesabu ya maji ya msimu

Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 8, pampu inatoa lita 9,000 kwa saa. Saa tano kwa siku ni lita 45,000, yaani milimita 11 kwenye ekari moja. Kitunguu kilichokomaa, hata kwenye jua la Septemba, kinataka takriban milimita 6 au 7. Sehemu ya ziada hurudi chini, kweli, lakini petroli hairudi, na mbolea huondoka na maji hayo.

Jumlisheni ekari zote na saa zote ubaoni. Wakulima wa Andhra Pradesh, India, walifanya hivi katika mradi uliosaidiwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa: walipima wenyewe mvua na visima, kisha baada ya mvua walikaa kufanya hesabu kabla ya kuchagua zao la kiangazi. Hakuna aliyelazimishwa, walichagua wakiwa na namba mkononi. Kwetu wakati wake ni mvua zinapokatika, kabla mbegu za vitunguu hazijasiwa kitaluni. Ukichelewa hapo, mtu ameshanunua mbegu na hakuna hesabu itakayomrudisha nyuma.

Hatua ya 6: Sasa masharti

Sharti ninalolipenda ni mstari wa rangi: maji ya kisima fulani yakishuka kupita kina waliokubaliana, ekari za kitunguu zinapunguzwa kwa kila mtu, mwenye pampu kubwa akiwemo. Linaonekana, na halihitaji mtaalamu. Zamu za kuvuta ni ngumu zaidi kusimamia, hasa usiku.

Wakikubaliana, peleka muhtasari na daftari kwa bodi ya maji ya bonde lenu. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inatambua jumuiya za watumia maji na inadai kibali kwa matumizi makubwa. Bodi ikija kwa mazungumzo, wakulima wenye vipimo vya miezi kumi na miwili hawaongei kama waombaji.

Futi kamba usiondoke nayo. Mpe kijana mmoja na mama mmoja, wapime pamoja, kila mmoja aandike kwenye daftari lake. Mwezi mmoja nilikuta daftari mbili zimepishana sentimita 40. Kumbe mmoja alikuwa anapima baada ya chai, pampu ya jirani ikiwa imeshawaka.