Kufikisha pointi 20 za UACE

Katika UACE, mtihani wa kumaliza kidato cha sita Uganda, pointi 20 ndizo za juu kabisa. Kwa utaratibu ambao UNEB, baraza la mitihani la nchi hiyo, imeutumia kwa miaka mingi, masomo makuu matatu yanakupa pointi 18, kila A ikiwa 6. General Paper, karatasi ya maarifa ya jumla, inaongeza 1, na somo dogo, yaani kompyuta au hisabati ndogo, linaleta 1 ya mwisho.

Wengi huangushwa na karatasi moja. Kila karatasi hupewa namba kuanzia 1, iliyo bora, hadi 9, na gredi ya somo haipatikani kwa wastani: kwa somo la karatasi tatu, ukitaka A, karatasi yako mbaya kuliko zote isizidi 3, na zilizobaki zisizidi 2. Mwanafunzi wa fizikia mwenye 1 na 1 kwenye nadharia, kisha 6 kwenye vitendo, hupewa D, pointi 3 tu. Inauma sana. Kwa hiyo tangu kidato cha tano andika alama za kila karatasi peke yake, na muda wa ziada uupeleke kwenye ile dhaifu. Maabara usiisubiri muhula wa mwisho. Kusoma kipimo, kujaza jedwali lenye vizio na desimali zinazolingana, na kuchora grafu ni kazi za mkono uliozoea.

Kwenye General Paper, kosa la kawaida ni kumalizia muda kwenye insha. Gawa nusu kwa nusu na sehemu B, yenye maswali ya ufahamu, na kwenye ufupisho usivuke idadi ya maneno uliyopewa.

Kombinesheni ichague ukiwa na kozi akilini: vyuo vikuu vya umma huzidisha masomo ya lazima ya kozi mara 3, yanayohusiana nayo mara 2.