Namna ya Kusoma Ramani Yako ya Nyota Kabla ya Kutoa Ahadi Nyumbani Wakati wa Krismasi

Jioni ya tarehe 26 Desemba 2023, tukiwa tumeketi na ndugu zangu kando ya migomba ya kihamba chetu, yaani shamba la ukoo, huko Uchagani, niliahidi mbele ya baba wadogo na mashangazi kwamba ningeijenga upya nyumba ya marehemu bibi kabla ya Krismasi iliyofuata. Sikuwa nimepiga hesabu yoyote. Shangazi alikuwa amemtaja bibi, harufu ya moshi wa jiko lake ikanirudia kama vile nilikuwa na miaka sita, na maneno yakanitoka. Krismasi iliyofuata niliwakuta wale wale walionipigia makofi, msingi ukiwa bado haujachimbwa, na aibu ya siku ile ndiyo iliyonifanya niwe naisoma ramani yangu ya nyota, yaani mchoro wa mahali Jua, Mwezi na sayari vilipokuwa nilipozaliwa, kwa makini kila Novemba, kabla sijakata tiketi kwenye kituo cha mabasi cha Mbezi, Dar es Salaam.

Kabla ya kuendelea ni vyema niseme wazi kwamba sayansi haijathibitisha kuwa sayari huamua hisia au maamuzi ya mtu, na kwamba wapo Wakristo na Waislamu wengi ambao imani yao inawakataza unajimu. Mwenye katazo hilo na aliheshimu. Mimi naitumia ramani kama kalenda ya kujihoji. Inanipa siku ya kuuliza swali na siku ya kulijibu, na kwa mtu anayerudi nyumbani mara moja kwa mwaka, nafasi kati ya siku hizo mbili ina thamani kubwa.

Katika mapokeo ya unajimu, mambo matatu yanayotusukuma tunapofika nyumbani yamegawanywa. Ahadi, wajibu na mambo yanayodumu ni ya sayari ya Zohali. Hisia, mama na mazoea ya moyo ni ya Mwezi. Utoto, wazazi na nyumba tuliyolelewa husomwa katika nyumba ya nne kati ya sehemu 12 za ramani zinazoitwa nyumba, ile iliyo upande wa chini kabisa wa duara. Kosa langu la mwaka 2023, kwa lugha hiyo, lilikuwa kuyaacha Mwezi na nyumba ya nne yatoe ahadi ambayo ni Zohali atakayedai ilipwe.

Ili uchore ramani unahitaji tarehe, mahali na saa ya kuzaliwa, na programu za bure za kuichora zipo nyingi kwenye intaneti. Hapa ndipo wengi wetu hukosea, kwa sababu programu hizo hazijui saa za Kiswahili. Mama akikwambia ulizaliwa saa mbili usiku, usiandike 2:00. Andika 20:00, na hakikisha programu imeweka saa ya Afrika Mashariki, yaani saa 3 mbele ya saa ya Greenwich. Kama una kadi ya kliniki au tangazo la kizazi, angalia kwanza kama muuguzi aliandika kwa saa za Kiswahili au za kizungu, kwa maana kosa la saa 6 huzungusha nyumba zote za ramani na kukupa nyumba ya nne isiyo yako. Asiyejua saa yake asikate tamaa: Mwezi hukaa katika buruji moja, yaani moja ya zile nyota 12 za unajimu kama Simba au Mizani, kwa siku mbili na kitu, kwa hiyo mara nyingi tarehe pekee hutosha kuonyesha buruji ya Mwezi, ila nyumba ya nne ataiacha. Nashauri umpigie mama au shangazi simu umuulize hata kama unadhani unajua, kwani anayesimulia saa ya kuzaliwa kwa mtoto hasimulii saa peke yake. Atakueleza nani alikuwepo, mvua ilinyesha au la, na jina lako lilitoka wapi, na hayo ndiyo utakayoyahitaji ukifika kwenye nyumba ya nne.

Usichanganye njia hii na ile ya pwani ya kutafuta nyota kwa kuhesabu herufi za jina lako na la mama yako kwa abjadi, kisha kugawa kwa 12. Ni elimu nyingine yenye kanuni zake. Majina ya buruji, hata hivyo, ni yale yale tuliyoyazoea magazetini na redioni tangu enzi za marehemu Sheikh Yahya Hussein: Punda, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, Mizani, Nge, Mshale, Mbuzi, Ndoo na Samaki.

Ukishaipata ramani, tafuta alama ya Mwezi. Ukiwa katika Kaa, Nge au Samaki, ambazo ni buruji za maji, wanajimu husema kumbukumbu hukujia kupitia mwili kabla ya akili: harufu, wimbo wa kanisani, ladha ya mtori. Watu wa Mwezi huu ndio wanaopaswa kujilinda zaidi jioni, baada ya chakula, wakati hadithi za wazee zinapoanza. Mwezi katika Ng'ombe, Mashuke au Mbuzi huonyesha hisia kwa kutenda, kwa hiyo mwenye nao huahidi mabati na saruji pale alipotaka tu kusema kwamba amewakumbuka. Wenye Mwezi wa moto, yaani Punda, Simba na Mshale, huahidi mbele ya hadhira, na wa hewa, yaani Mapacha, Mizani na Ndoo, huongea kuhusu hisia wasiyoikubali mpaka wawe wamerudi mjini.

Nyumba ya nne inahitaji utulivu zaidi, na sipendi isomwe kwa haraka. Angalia ni buruji gani iko mwanzoni mwake na kama kuna sayari ndani, lakini usiishie hapo. Wiki moja kabla ya safari, chukua daftari uandike kumbukumbu tatu za utotoni zinazohusu sikukuu: moja ya furaha, moja ya kunyimwa kitu, na moja ambayo hujawahi kumsimulia mtu. Kisha jiulize ni ipi kati ya hizo inayofanana na ahadi unayohisi kuitoa mwaka huu. Nilipofanya hivyo niligundua kwamba nyumba ya bibi haikuwa na uhusiano mkubwa na matofali. Nilikuwa mtoto aliyeletwa kwake kila Desemba na kuondolewa kila Januari akilia, na nilitaka kuwe na mahali ambapo sitaondolewa. Ukilijua hilo mapema, utalia mapema, na hutalia kwa fedha za ada ya watoto.

Sasa tazama anga la Desemba yenyewe. Jua huingia buruji ya Mbuzi tarehe 21 au 22 Desemba kila mwaka, na Mbuzi ni buruji inayotawaliwa na Zohali. Ndiyo maana wanajimu huziita siku hizi za kuhesabu madeni na wajibu. Vitabu vya Ulaya hulieleza hilo kwa baridi na giza, maelezo ambayo hayatuhusu sisi wenye Desemba ya joto la kaskazi na maembe, lakini kufunga hesabu za mwaka ni desturi tunayoijua vizuri. Mbele ya Mbuzi, upande wa pili wa duara, iko Kaa, buruji ya Mwezi, nyumbani na mama. Kwa kuwa mwezi mpevu hutokea pale Mwezi unapokabiliana na Jua, mwezi mpevu wowote unaoangukia wakati Jua liko katika Mbuzi huwa katika Kaa. Buruji hizi huhesabiwa kwa mwendo wa Jua katika majira, kwa hiyo usishangae ukitazama juu na kuona kundi jingine la nyota nyuma ya Mwezi.

Mwaka 2026 mwezi utakuwa mpevu alfajiri ya tarehe 24 Desemba, karibu na saa kumi na nusu kwa saa za Afrika Mashariki, na utabaki katika Kaa mpaka siku ya Krismasi iishe. Zohali wakati huo atakuwa katika Punda, na siku hiyo hiyo ya tarehe 24 Mwezi utafika nyuzi 90 kutoka kwake, pembe ambayo wanajimu huiona kuwa ya mvutano. Kwa maneno ya kihambani, ni siku ambayo moyo unatoa na wajibu unadai kwa wakati mmoja. Waliozaliwa kati ya katikati ya Aprili 1996 na mwanzo wa Juni 1998 waitazame kwa makini, kwa kuwa nao walizaliwa Zohali akiwa katika Punda. Yeye hulizunguka Jua kwa takriban miaka 29 na nusu, kwa hiyo sasa amerudi katika buruji yao, na huo ndio umri ambao kila mjomba huuliza utaoa au utaolewa lini.

Kanuni ninayoifuata ni kwamba Mwezi ukiwa katika Kaa nasikiliza, nakumbuka, nalia ikibidi, lakini sitamki kiasi cha fedha, sikubali mpaka wa shamba, na siweki tarehe ya posa. Ukibanwa mbele ya watu, sema kwa adabu na kwa kutaja siku: «Baba mdogo, nimekusikia, na jambo hili ni zito. Naomba uniruhusu nilale nalo. Tarehe 28 nitakuja mwenyewe kukupa jibu.» Kutaja siku ni muhimu kuliko maneno mengine yote, kwa maana mzee anayepewa tarehe haoni kwamba amepuuzwa.

Tarehe 27 kaa peke yako na ramani yako, utafute Zohali wako wa kuzaliwa yuko nyumba ipi, kisha ujibu kwa maandishi: ni kiasi gani, kitatoka wapi kila mwezi, nani atashuhudia, na nitamwambia nani nikishindwa. Ahadi isiyopata majibu manne ipunguze mpaka iyapate. Kwangu nyumba nzima ilipungua ikawa msingi na jiko. Kama jibu ni hapana, lipeleke siku uliyoitaja, asubuhi, ukiwa umekaa na mzee ana kwa ana, kabla ndugu hawajaanza kupanda mabasi ya kurudi Dar es Salaam.