Somo: Kupasua mguu wa kuku ili kuona msuli unavyofanya kazi

Watu wengi huamini goti la kuku linakunja kwa nyuma. Kile wanachokiona si goti, ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe liko juu, limefichwa na manyoya karibu na tumbo, nalo linakunja kama la mtu. Sehemu nyembamba yenye magamba chini ya kifundo ni wayo uliorefuka, na kuku hutembea kwa vidole. Ukilishika hilo, sehemu nyingine za mguu zitakuja zenyewe.

Katika kila hatua kumbuka neno moja: msuli huvuta tu, hausukumi.

Mahitaji

Mguu mmoja wa kuku wa kienyeji, kuanzia paja hadi kucha. Mwambie muuzaji mapema asiukate kwenye kifundo, maana hapo ndipo wanapokata kila siku, na mguu uliokatwa hapo haufai tena kwa somo hili. Wa kisasa anakubalika, ila huchinjwa akiwa na wiki chache tu, gegedu zake bado nyingi na nyama huchanika ovyo. Pia: mkasi wenye ncha butu, wembe, kibano, vijiti 4 vya meno, nyuzi za kushonea za rangi 3, ubao, glovu. Tenga saa moja na nusu.

Usitumie mguu wa kuku aliyechinjwa muda huo huo. Misuli yake hukakamaa mapema, mara nyingi ndani ya saa ya kwanza, kisha hulegea baada ya saa kadhaa. Uweke kwenye friji usiku mmoja ndani ya mfuko uliofungwa ili usikauke. Usiugandishe: chembe za barafu hupasua nyuzi za msuli, na ukiyeyuka nyama huwa tepetepe na kutoa maji.

Hatua ya 1: Ngozi. Kwa wembe, chana tundu dogo upande wa ndani wa paja. Ingiza mkasi ukiwa umefumba, ufumbue ukiwa ndani ili ngozi iachane na nyama, ndipo ukate. Endelea hadi kwenye magamba, kisha simama. Kosa la kawaida ni kukandamiza wembe kama unakata kitunguu. Utakata msuli wa juu kabla hujaujua.

Hatua ya 2: Kutenganisha. Weka wembe kando. Kila msuli umevikwa utando mweupe mwembamba, na kati ya msuli na msuli kuna tishu laini inayoachia kwa kusukumwa na kidole. Kidole hufuata mpaka uliopo. Wembe hujitengenezea mpaka wake. Anzia katikati ya muundi, yaani sehemu kati ya goti na kifundo, ambako misuli ni minene, ushuke kuelekea kifundoni. Utaona nyama inapungua taratibu na kugeuka kamba nyeupe inayong'aa. Hiyo kamba ni ukano. Haikugundishwa mwishoni mwa msuli: tando zile zile zinazofunga nyuzi za msuli ndizo zinazoungana kuufanya.

Hatua ya 3: Kufunga alama. Nyuma ya muundi, ulio karibu zaidi na ngozi ni msuli wa shavu la mguu. Funga ukano wake uzi mwekundu. Chini yake, ndani zaidi, kuna kundi la misuli myembamba yenye kano ndefu. Zifunge pamoja uzi wa bluu. Mbele ya muundi kuna misuli mingine. Kano zake zifunge uzi mweupe.

Hatua ya 4: Kuvuta. Hapa usiharakishe. Shika muundi kwa mkono wa kushoto, na kwa kibano vuta uzi mmoja mmoja kuelekea juu, kwa mstari wa mfupa.

Nyekundu: kifundo kinanyooka, wayo unasukumwa chini. Ndivyo kuku anavyojiinua na kuruka. Bluu: vidole vinajikunja kama ngumi. Nyeupe: wayo unainuka, vidole vinafunguka. Umeshaona misuli pinzani. Ule wa nyuma hauwezi kusukuma ili kurudisha ulichokifanya wenyewe, kwa hiyo kila kiungo kinahitaji wavutaji wa pande zote mbili.

Sasa acha nyuzi zote. Kunja goti na kifundo kwa mikono yako bila kugusa ukano wowote. Vidole vitajikunja vyenyewe, kwa sababu kano za bluu hupita nyuma ya kifundo kupitia njia ndani ya gegedu. Kifundo kikikunjwa, njia ya kano hizo inakuwa ndefu, nazo haziongezeki urefu. Angalia pia kwamba kwenye vidole hakuna minofu ya maana. Nguvu inatoka juu, kamba ndizo zinazoifikisha chini.

Hatua ya 5: Neva. Tenganisha misuli ya nyuma ya paja. Katikati utakuta uzi mweupe uliofifia ukipita sambamba na mishipa ya damu. Wengi huuita ukano. Tofauti: ukano unang'aa na mwisho wake umeshika mfupa, neva haing'ai, inapita kati ya misuli na kutoa matawi yanayozama ndani ya nyama.

Hatua ya 6: Nyuzi. Kata msuli mnene kwa upana: utaona mafungu, kila moja na utando wake. Kata kipande kingine cha sentimita 3, kichemshe dakika 20, kisha kichambue kwa vijiti vya meno ndani ya tone la maji. Nyuzi unazoziona kwa macho ni mafungu bado. Uzi mmoja halisi, yaani seli moja, unahitaji hadubini, na kwa ukuzaji wa mara 400 utaona mistari midogo ya kukingama.

Mistari hiyo ndiyo mtambo wenyewe. Ni vipande vinavyoitwa sakomea, kila kimoja karibu mikromita 2.5 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), kwa hiyo sentimita moja ya uzi ina takriban 4,000 vilivyopangwa mkia kwa kichwa. Ndani yake mna nyuzi za protini, aktini na mayosini. Neva ikileta ishara, kalsiamu humwagika ndani ya seli, vichwa vya mayosini hushika aktini na kuivuta. Protini zenyewe hazifupiki. Zinateleza, moja ndani ya nyingine. Ili kichwa kiachie na kushika mbele zaidi, kinahitaji ATP, yaani molekuli inayobeba nishati ndani ya seli. ATP ikiisha, hakiachii. Huko ndiko kukakamaa kwa kuku aliyekufa.

Kusafisha. Usioshe nyama mbichi chini ya bomba linalomwaga kwa nguvu, matone husambaza bakteria wa salmonela. Ubao na vifaa: maji moto na sabuni, kisha dawa ya klorini kwa kipimo cha kwenye chupa. Mguu huu haurudi jikoni.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nimevuta uzi wa bluu vidole havisogei kabisa. Kosa nini?
Sababu tatu za kawaida. Mguu umekauka, kano zimegandana na ala zake: paka maji, kunja na kunjua kwa mkono mara kumi. Au bado umekakamaa: urudishe kwenye friji. Au kuku ni mzee, kano zake zimeanza kuwa mfupa. Ukizibana kwa kibano utasikia ugumu. Kwa hili la tatu tafuta mguu mwingine.

Mwalimu, kwa nini kidari cheupe na paja jeusi?
Ni mayoglobini, protini nyekundu inayotunza oksijeni ndani ya msuli. Paja hufanya kazi mchana kutwa, kidari cha kuku hutumika kwa mpapatiko wa sekunde chache na kuchoka. Linganisha na kidari cha bata: chekundu, maana ukoo wake ni wa warukao mbali.

Naweza kutumia mguu wa ng'ombe? Makongoro ni rahisi kupata.
Kwa kano, ndiyo, tena ni nene na huonekana vizuri. Kwa misuli, hapana: chini ya lile "goti" la mguu wa mbele na kifundo cha mguu wa nyuma wa ng'ombe karibu hakuna nyama, ni kano, ligamenti (kamba zinazounganisha mfupa na mfupa) na mifupa. Ndiyo maana supu yake hunata: kolajeni ya kano na ngozi ikichemshwa muda mrefu hugeuka jelatini.

Ile nyama nyembamba chini ya kidari, yenye kamba nyeupe, ni ya nini?
Huo ndio msuli unaoinua bawa. Ajabu yake ni kwamba uko chini, kifuani, lakini huvuta bawa kwenda juu. Ukano wake hupanda na kupita kwenye tundu pale mifupa mitatu ya bega inapokutana, kisha hushika mfupa wa bawa kwa juu, kama kamba ya ndoo juu ya kapi. Chukua kuku mzima mbichi mwenye mabawa, inua msuli mkubwa wa kidari kwa kidole bila kuukata begani, uvute huo mdogo kuelekea mkiani. Bawa litapanda.

Buchani nyama ya ng'ombe aliyechinjwa sasa hivi huonekana inachezacheza. Yuko hai?
Hapana. Ubongo umeshakufa, lakini seli za msuli bado zina ATP, na utando wake bado unaweza kushtuka kwa kisu, baridi au chumvi. ATP ikiisha, mchezo unakoma na ugumu unaanza. Kwa ng'ombe huchukua saa nyingi kuliko kwa kuku.