Sevisi ya regulata ya kupigia mbizi ukiwa Moshi: pima kwanza, spana baadaye

Wakuu, salaam kutoka Moshi. Najua huku tunasifika kwa mlima, lakini wapo wanaozamia Pangani, Mafia au Zanzibar kisha vifaa vikarudi kulala stoo huku bara. Vumbi, joto la bati na wadudu navyo vina kazi yake.

Regulata, kifaa kinachomletea mzamiaji hewa kutoka kwenye mtungi, inashusha presha mara mbili. Steji ya kwanza, ile inayofungwa kwenye mtungi, inapokea hewa ya bar 200 au zaidi na kuishusha hadi bar 9 au 10 hivi juu ya presha ya mahali ulipo. Hiyo ndiyo presha ya kati. Steji ya pili, ya mdomoni, inamalizia kazi kila unapovuta pumzi.

Namba 1 hadi 4 ni za kila mwenye kifaa. Kuanzia 5 ni kazi ya aliyefundishwa modeli hiyo, mwenye kitabu chake na spea zake halisi. Hiki ni kifaa cha uhai wa mtu, ubabe wa gereji uache mlangoni.

1. Angalia filta pale hewa inapoingilia steji ya kwanza. Ikiwa ya kijani, maji yaliingia, mara nyingi kwa sababu mtu ameosha bila kufunga kifuniko. Ikiwa na wekundu wa kutu, mtungi wa chuma unaoza ndani. Ikiwa nyeusi, kompresa iliyojaza mtungi ina tatizo. Mwambie mwenye kompresa siku hiyo hiyo, maana wateja wake wote wanavuta hewa hiyo.

2. Mulika tochi kwenye kipande cha mdomoni. Nyigu wa matope hapendi tundu likae bure. Kunja hosi karibu na viungo vyake, tafuta nyufa.

3. Hapa ndipo penye siri zote. Chukua geji ya presha ya kati, ichomeke kwenye hosi ya kujazia jaketi la kuelea. Steji ya pili lazima iwe imeunganishwa kwenye steji ya kwanza wakati huo, kwa sababu presha ikipanda kupita kiasi ndiyo itakayoachia hewa. Fungua mtungi taratibu, na usiweke uso mbele ya kioo cha geji. Bonyeza kitufe cha steji ya pili mara kadhaa, kisha uache. Mshale unatakiwa ushuke kidogo, urudi, ugande palepale. Ukirudi halafu ukaendelea kupanda polepole kama mtu anayeiba, siti ya presha kubwa, yaani kizibo kinachofunga njia ya hewa ndani ya steji ya kwanza, imechakaa au ina uchafu, na muda si mrefu steji ya pili itaanza kumwaga hewa yenyewe. Mafundi wengi hukimbilia kukaza steji ya pili ili inyamaze. Huko ni kumtibu asiyeumwa. Mshale ukianguka sana unapovuta hewa, rudi kwenye filta, huenda imeziba. Andika namba ulizoziona. Fundi anayefungua regulata bila kupima atajuaje kama ameitengeneza au ameiharibu?

4. Ikiwa bado na presha, itumbukize kwenye beseni la maji safi. Mapovu kwenye kiungo cha hosi ni oringi ya hosi, ile pete ya mpira inayozuia kuvuja. Mapovu yakitoka kwenye matundu ya steji ya kwanza ya pistoni, shuku oringi ya pistoni.

5. Funga mtungi, toa hewa yote, ndipo uifungue regulata. Usibane bodi kwenye jiliwa; bana kishikio kinachoingia kwenye tundu la hosi. Oringi itolewe kwa kijiti cha plastiki au shaba. Mkwaruzo mmoja wa sindano ya chuma kwenye mfereji wa oringi utavujisha hata oringi mpya.

6. Vipande vya chuma pekee viloweke dakika chache kwenye siki nyeupe iliyochanganywa na maji ya uvuguvugu. Ukisahau humo, siki inakula kromu. Suuza, kausha kwa hewa safi isiyo na mafuta.

7. Funga kwa oringi na siti mpya. Grisi ya silikoni iwe ya kung'arisha tu. Rekebisha presha ya kati kwanza, steji ya pili mwisho. Ukigeuza mpangilio utarudia kazi. Siti mpya inahitaji kujikalia, kwa hiyo bonyeza kitufe mara nyingi na upime tena kesho yake.

MASWALI

Himo: Shikamoo fundi. Jirani ana kompresa ya matairi, naweza kupimia?
– Marahaba. Hapana. Inaishia bar 8 au 10 hivi, kwa hiyo siti ya presha kubwa haijapata mtihani wowote, na hewa yake ina mafuta. Pima kwa mtungi uliojaa, kisha kwa uliokaribia kuisha. Kuna pistoni ambazo presha ya kati hubadilika kadiri mtungi unavyopungua.

Ngaramtoni: Na mtungi wa oksijeni wa mchomeleaji, kaka?
– Usijaribu kabisa. Grisi ya silikoni au mafuta ndani ya oksijeni safi yenye presha kubwa yanaweza kuwaka. Hata naitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni, inayozidi oksijeni asilimia 40 inataka regulata iliyosafishwa maalumu na grisi yake.

Marangu: Ziwa Chala liko karibu mita 880 juu ya usawa wa bahari. Regulata irekebishwe?
– Regulata haihitaji, inafuata presha ya mahali ilipo. Kinachobadilika ni hesabu za kuzamia: kuanzia mita 300 weka kompyuta ya mbizi kwenye hali ya mwinuko au tumia jedwali lake.

Moshi mjini: Yangu nimeitumia Pangani mara moja tu, kisha imelala stoo zaidi ya mwaka. Nayo inataka sevisi?
– Watengenezaji wengi husema mwaka mmoja au mbizi 100, kinachotangulia. Wengine miaka miwili. Soma kitabu chako. Kulala nako kunachosha: siti ya steji ya pili inabanwa na springi muda wote. Fanya namba 1 hadi 4, kisha niandikie filta ina rangi gani na mshale umeganda kwenye ngapi.