Kabla hujapakia nyumbu kwenda Bob Marshall

Kila msimu wa kufungua njia za pori la Bob Marshall, hapa Montana, Marekani, hujitokeza mtu mpya, ana moyo mkubwa na farasi ambaye hajawahi kuvuka mto. Moyo tunauhitaji. Lakini kwenye pori lile hakuna barabara, na sheria ya mwaka 1964 inakataza injini, kwa hiyo chenso, msumeno wa injini, inabaki nyumbani. Magogo yaliyoangukia njia tunayakata kwa msumeno mrefu wa kuvutwa na watu wawili, na kila kitu kinabebwa na mnyama.

Kwato na viatu vyake vikaguliwe wiki moja kabla, si asubuhi ya safari. Nyasi kavu ziwe zile zilizothibitishwa hazina mbegu za magugu. Chakula kifungiwe kama sheria za msitu zinavyotaka, dubu wapo. Meno ya msumeno yavalishwe ala. Mizigo ipimwe kwa mizani: upande mmoja ukizidi hata kilo chache, tandiko linalala na mgongo unachubuka.

Sasa kamba, na hapa nisikilize vizuri. Nyumbu (nasema mtoto wa punda na farasi, si wale wa Serengeti) huenda kwa msururu, kila mmoja amefungwa kwenye tandiko la aliye mbele yake. Katikati huwekwa kitanzi chembamba, makusudi kikatike mnyama akianguka. Kiangazi changu cha pili niliona vitanzi vimechakaa, nikaweka kamba nene ya nailoni. Nikajiona fundi. Kesho yake, kwenye mteremko wa changarawe, nyumbu wa mwisho aliteleza akaporomoka ukingoni. Kamba ikamvuta aliyemtangulia. Akakaa kitako kama mbwa, kwato za mbele zikichimba mawe, macho yamemtoka. Fundo lilikuwa limekaza kama chuma. Nilivunja kucha mbili bila kulilegeza. Mzee tuliyekuwa naye akaruka kutoka kwenye farasi, akachomoa kisu kiunoni, akakata. Yule wa mwisho alibiringika mpaka kwenye msonobari, akainuka akitetemeka. Mwenzake goti lilichanika mfupa ukaonekana. Tulimtoa kwa mguu kilomita kumi na nane, tukipumzika kila kona. Alipona, ila hakubeba mzigo tena.

Kwa hiyo kitanzi kiwe chembamba, ukikague kila asubuhi, kikichakaa weka kingine chembamba. Na kisu kikae kiunoni, si ndani ya mzigo.

Usiku usimfunge mnyama kwenye shina la mti, ataparua mizizi na gome. Zungushia miti miwili mikanda mipana, uvute kamba juu kati yake umfunge hapo, mbali na maji. Simu usiitegemee, mwachie mtu jina la njia na siku ya kurudi. Koti zito beba hata Julai, theluji huko juu haina kalenda. Na mto uliouvuka asubuhi unaweza kujaa jioni theluji ikiyeyuka. Ukikuta maji yamepanda, lala upande ulipo mpaka asubuhi.